Mvule wa Mwenyekiti

Kibao kilipigiliwa misumari minne kwenye shina, juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima, ili kila apitaye nje ya uzio akisome: MVULE. MTI ULIOHIFADHIWA. USIGUSWE. KWA AMRI YA MWENYEKITI WA MTAA. Mwenyekiti alikiandika kwa mkono wake mwenyewe, akarudia kila herufi mara mbili kwa rangi nyeupe, na kila Jumamosi alikifuta vumbi kwa kitambaa cha kung'arishia viatu. Godoro la mama yake mzazi lilikuwa na shimo katikati mwaka wa pili sasa, na hilo hakulifuta wala kulitazama.

Asubuhi ya Jumatatu mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, alikuwa akifagia chini ya mti huo alipoona matone meupe kwenye udongo, mazito kama maziwa yaliyoganda. Aliinua macho. Tawi kubwa kuliko yote, nene kama pipa, lilitoka kwenye shina, likapita juu ya uzio wa ndani na kwenda kulala hewani juu ya chumba cha Bibi, mama wa Mwenyekiti. Pale lilipoungana na shina palikuwa na ufa. Wiki iliyopita ufa ule haukuwapo. Leo angeweza kuingiza kidole, na utomvu ulikuwa ukitiririka kutoka ndani yake bila haraka.

Aliuegemeza ufagio ukutani, akaenda sebuleni. Mwenyekiti alikuwa anakunywa chai huku amevaa kofia yake ya kazini, kwa sababu aliwahi kusikia kwamba kiongozi hajui saa ya kutafutwa.

"Baba Pacha, lile tawi limepasuka."

"Tawi lipi?"

"La juu ya mama. Njoo uone."

Hakwenda. Alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Mvule haupasuki," alisema. "Mvule ni mti wa miaka mia tatu. Huo unapumua tu."

"Unapumua nini? Unatoa maziwa. Likishuka linamshukia mama yako kichwani."

"Mama Pacha, suala hilo lipo kwenye taratibu. Barua imeandikwa. Wewe mwenyewe si ndiye uliyeiandika?"

Hapo alisema kweli. Kwa miaka kumi na mmoja ya uenyekiti wake barua zote zilitoka mkononi mwa Mama Pacha. Mume alitamka akitembea na mikono mgongoni, mke akaandika, kisha mume akaketi, akapulizia mhuri pumzi mbili za moto na kuugonga kwenye karatasi kwa nguvu ya mtu anayeua mende. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Barua ya mwezi ule, tawi lilipoanza kulia kwa upepo, Mama Pacha aliikumbuka neno kwa neno, maana ilimlazimu kuuma midomo asicheke. "Mimi, Mwenyekiti wa Mtaa, ninaomba kwa Mwenyekiti wa Mtaa kibali cha kupunguza tawi moja la mti aina ya mvule ulioko uani kwangu." Siku mbili baadaye alimwandikisha jibu: "Ombi lako limepokelewa. Kwa kuwa mvule ni mti uliohifadhiwa, ofisi hii haina mamlaka, hivyo linapelekwa ngazi ya juu. Uwe na subira." Akajigongea mhuri, akajikabidhi nakala, akaiweka kwenye faili la waombaji wenye subira.

"Basi tumlaze hapa sebuleni mpaka kibali kije," alisema Mama Pacha. "Chumbani kwetu kiti chake cha magurudumu hakipiti mlangoni, lakini hapa kinapita."

Mwenyekiti aliitazama sebule yake: kochi lenye vitambaa vya kufuma, meza ya kioo, picha yake akipeana mkono na mtu aliyekatwa kichwa na mpiga picha. "Na wageni wa serikali watakaa wapi?" aliuliza. "Waje wakute ndoo ya mgonjwa?"

Mama Pacha alichukua kikombe cha mumewe kabla hajamaliza chai na kwenda kukiosha.

Bibi alikuwa ameamka. Tangu kiharusi kimpige alilala upande mmoja, uso kuelekea dirishani, na dirisha lenyewe halikuwa na cha kuonyesha isipokuwa majani. Chumba kilikuwa na giza la kijani mchana kutwa. Vitunda vidogo vya mti, vya mviringo, vilidondoka kwenye bati usiku na mchana, tap, tap, na Mama Pacha alikuwa amefua madoa yake kwenye mashuka kwa miaka mingi kiasi kwamba aliyajua kuliko alama za viganja vyake.

"Mmegombana," alisema Bibi. Mdomo wake ulikwenda upande, lakini maneno yalifika.

"Hatujagombana, mama. Tumezungumzia mti."

"Ndiyo huko kugombana." Bibi alimwacha mkwewe amgeuze. "Unalia kila upepo ukivuma. Kreee. Mimi nausikia. Yeye yuko kwenye vikao."

Mama Pacha alimpaka mafuta mgongoni na kuogopa waziwazi. Aliogopa kwa namna ya mtu mwenye mikono miwili na mzigo unaohitaji minne. Alimpenda mama huyu. Wanawake wengine walisimulia visa vya mama wakwe zao hadi wakakaukiwa na mate. Yeye hakuwa na kisa. Bibi aliwalea pacha wake wote wawili alipolazwa hospitali miezi miwili, na hakuwahi kumkumbusha.

*

Siku hiyohiyo, baada ya Mwenyekiti kwenda kwenye kikao cha maandalizi ya kikao, alimwita mkata miti. Watu walimwita Kamba kwa sababu hakuonekana bila kamba begani, hata akienda msibani. Alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mirefu, mwenye maneno machache na msumeno uliofungwa kwenye gunia kama mtoto mchanga.

Aliuzunguka mti mara mbili. Hakulitazama tawi kwanza. Alitazama shina, akapitisha kiganja kwenye mizizi mikubwa iliyoshuka toka juu na kukumbatiana, akaokota jani, akaokota kitunda, akakipasua kwa ukucha. Ndani kulikuwa na mbegu ndogo kama mchanga na vijidudu viwili vyenye mbawa.

"Nani alisema huu ni mvule?" aliuliza.

"Kibao si hicho?"

"Kibao nimekisoma, mama. Nauliza nani alisema."

Mama Pacha alieleza. Miaka mingi nyuma, Mwenyekiti angali karani wa posta, mkubwa mmoja wa kazini alikuja kumtembelea. Alivaa suti ya vipande vitatu. Wakati wa kuaga aliugonga mti kwa fimbo yake na kusema, "Mvule huu, bwana. Utunze." Akaingia kwenye gari. Toka siku hiyo karani alitembea ameinua kidevu.

Kamba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatema mate pembeni kwa adabu. "Mvule ukizaa, tunda lake ni refu, linafanana na kiwavi wa kijani. Hauzai gololi hizi. Na shina lake linapanda moja kwa moja, halijisuki hivi. Huu ni mkuyu, mama. Tena ni ule unaoota juu ya mti mwingine, unaukumbatia mpaka ule wa ndani unafia humo. Ukifa na kuoza, katikati panabaki mvungu." Aliligonga shina kwa mpini wa kisu chake. Lililia kama debe. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mbao hapa hamna. Hata kuni zake zinatoa moshi tu. Ila tawi," sasa ndipo alipoinua macho, na hakuyashusha haraka, "tawi lile halimalizi hata wiki mbili. Mvua ya kwanza yenye upepo, majani yakilowa yanakuwa mazito, linakuja chini lote."

"Likate leo."

Kamba alianza kulifunga gunia lake. "Bila karatasi siwezi. Mwaka juzi nilimkatia mjane mmoja bila barua, nikalala ndani siku mbili na msumeno wangu wakakaa nao miezi minne. Unajua nani alinishitaki?"

Mama Pacha alijua. Ile barua ya mashitaka ilikuwa na mwandiko wake.

"Nisamehe, kaka yangu," alisema.

"Wewe uliandika tu, mama. Nipatie karatasi, nitakuja na watu wangu saa hiyohiyo."

Wakati huo fundi viatu wa jirani alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio na kiatu cha mtu mkononi, akijitia anatafuta kitu chini. Ukuta wake ulikuwa umebinuliwa na mzizi wa mti wake mwenyewe, na barua yake ya kuomba kuukata ilikuwa kwenye faili la wenye subira kwa miezi minane.

"Na wewe ulijua kwamba ni mkuyu?" Mama Pacha alimuuliza.

Fundi viatu alikigeuzageuza kiatu. "Mtaa mzima unajua, Mama Pacha. Watoto wa shule wanajua. Lakini ningemwambia Mwenyekiti mvule wake ni mkuyu, barua yangu ingetoka lini?"

"Kwani imetoka?"

Fundi viatu alifikiri, na ikaonekana wazi kwamba hakuwahi kulitazama jambo hilo kwa upande huo.

*

Ofisi ya misitu ilikuwa na dirisha moja lenye tundu dogo la kupitishia karatasi, lililo chini kiasi kwamba mwombaji alilazimika kuinama kama anayechungulia tundu la kuku. Mama Pacha aliinama. Upande wa pili msichana mwenye miwani alipekua daftari, akalamba kidole, akapekua tena.

"Mvule," alisema. "Faili limekwenda juu."

"Juu wapi, mwanangu?"

"Juu." Msichana alionyesha dari kwa kalamu. "Mvule lazima upite kamati. Kamati inakaa mara mbili kwa mwaka. Imekaa mwezi uliopita."

Mgongo ulimuuma Mama Pacha. "Na usingekuwa mvule?"

"Mti mwingine wa uani kwako? Mwarobaini, mkuyu, sijui mjohoro? Hiyo haiji hapa kabisa, mama. Mwenyekiti wenu wa mtaa anaandika barua, anagonga mhuri, mnakata siku hiyohiyo."

"Si mvule. Ni mkuyu. Njooni muutazame."

"Mwombaji ameandika mvule, na mwenyekiti ameidhinisha kuwa ni mvule." Msichana aliligeuza daftari ili Mama Pacha aone mhuri wa buluu, uliogongwa mara mbili, wa mwombaji na wa mwidhinishaji, sawasawa kabisa. "Sisi hatubishani na mhuri, mama. Mwambie mwenyekiti wenu abadilishe jina tu."

Abadilishe jina tu! Mama Pacha alicheka njiani peke yake hadi mwanamke mmoja aliyebeba mtoto akavuka upande wa pili wa barabara. Mtu angeweza kumwomba Mwenyekiti abadilishe dini, au abadilishe mke, na angepewa nafasi ya kuongea.

Hata hivyo alijaribu. Jioni hiyo, mwanga ungalipo, alimketisha mumewe na kumwambia yote: kitunda, mvungu, kamati, dirisha. Alizungumza taratibu. Alimwita "baba" mara nyingi kuliko kawaida. Alimwonyesha kitunda kilichopasuliwa.

Mwenyekiti alikitazama kama mtu aliyeletewa panya mezani. "Mkuyu," alisema. "Nimeketi miaka yote chini ya mkuyu? Wageni wote wale niliowaonyesha? Na hotuba ya siku ya upandaji miti?"

"Mama yako analala chini yake."

"Nani kakwambia? Yule mlevi wa kamba?"

"Halewi."

"Atakuwa mlevi. Mtu anayepanda juu ya miti kama nyani atakuwa hana akili timamu." Alisimama, akavaa kofia aliyokuwa ameivua dakika hiyo. "Alhamisi naleta wajumbe wa kamati ya mazingira ya kata. Wanakuja kuuona. Watatu, mmoja na kamera. Nataka uani pafagiliwe, kibao kioshwe kwa sabuni, na mama afungiwe dirisha, ile harufu ya dawa isitoke nje. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," alisema Mama Pacha, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hilo lilikuwa kweli tupu.

*

Jumatano mawingu yalipanda tangu asubuhi. Upepo ulivuma mara tatu tu, na kila mara mti ukalia kreee, na kila mara Mama Pacha akakimbia kutoka jikoni hadi chumbani na kusimama juu ya Bibi kana kwamba kichwa chake kingelizuia tawi. Mara ya tatu Bibi alimshika mkono kwa ule wake mzima.

"Acha kukimbia, utaanguka wewe kwanza."

"Mama, wewe ulijua huu ni mti gani?"

Upande wa uso wa Bibi uliokuwa bado unacheka ulicheka. "Kwani mimi sikuwa hapa? Palikuwa na mti mkavu, mume wangu alifungia ndama. Ndege akaja akanya juu yake. Ukaota. Tukasema tutaung'oa kesho." Alipumzika. "Mwanangu aliporudi na habari za mvule alikuwa na furaha sana. Nikasema nimwache na furaha yake. Nilidhani itapita, kama tetekuwanga."

Mama Pacha aliketi ukingoni mwa kitanda, kando ya shimo la godoro. Basi kila mtu alikuwa amemwachia. Mama alimwachia kwa huruma, majirani kwa woga, ofisi kwa uvivu, na yeye mkewe kwa kalamu yake mwenyewe, barua baada ya barua, kwa mwandiko mzuri uliosifiwa hadi kata ya jirani. Alijionea haya. Haya hiyo ilikuwa na moto ndani yake, na ilimnyanyua.

Ufunguo wa droo ya mhuri ulifichwa chini ya kitambaa cha redio. Kila mtu wa nyumba ile alijua kwamba si siri, isipokuwa yule aliyeuficha. Mama Pacha alifungua droo, akatoa karatasi yenye kichwa cha ofisi, akaketi mezani na kuandika kama alivyoandika siku zote, safu zimenyooka, koma mahali pake: "Mwenyekiti wa Mtaa anatoa kibali cha kukatwa tawi moja lenye ufa, la mti aina ya mkuyu, kwa kuwa linahatarisha maisha ya mgonjwa." Hakuiga mwandiko wa mtu. Mwandiko wa ofisi ile ulikuwa wake. Kisha akaupulizia mhuri pumzi mbili za moto, akaugonga. Ulishuka kirahisi mno. Alikuwa akidhani unahitaji nguvu.

*

Alhamisi saa tatu asubuhi, Mwenyekiti alipotoka tu kwenda kuwapokea wajumbe, Kamba aliingia na watu wake wawili. Alilipwa nusu mapema, kwa fedha ambazo pacha walimtumia mama yao anunue viatu. Alisoma barua polepole, akaikunja, akaitia mfukoni na kukifunga kifungo cha mfuko.

Kazi yake ilikuwa nzuri kuitazama. Alipanda bila kupiga msumari hata mmoja, akaifunga kamba ya kwanza kiunoni na ya pili kwenye tawi lenyewe, akaipitisha juu kwenye panda imara na kuiteremsha kwa wenzake. Hakuanza shinani. Alianza nchani, kwa vitawi vyembamba vilivyoning'inia juu ya bati, akivikata kimoja kimoja na kuviteremsha kwa kamba, tawi lipungue uzito. Kila alipofika kwenye kipande kinene alikata kwanza chini, theluthi moja, kisha akahamia juu, ili gamba lisichanike likashuka na ngozi ya mti. "Mjinga anaanza juu!" aliwapigia kelele wenzake, na bila shaka majirani pia, ambao sasa walikuwa wamejaa uzioni kama siku ya harusi. Fundi viatu alikuwa ameleta kigoda.

Dirisha la Bibi lilikuwa wazi. Mama Pacha alikuwa amemhamishia sebuleni mara Mwenyekiti alipotoka, kwenye kochi la wageni wa serikali, amemweka mito miwili, na ndoo karibu.

Saa tano na nusu Mwenyekiti alifika na wajumbe wake watatu. Alikuwa mbele, mkono umenyooka kuonyesha mti, mdomo umeshafunguka kwa hotuba. Kipande cha tawi kilipita mbele ya pua yake kikishuka kwa kamba, kikatua miguuni mwake taratibu kama mzigo wa posta.

"Simameni!" alipiga ukelele. "Nani ametoa ruhusa? Nani? Mtalala ndani wote! Huu ni mvule! Huu ni mti wa—"

"Tuna barua," alisema Kamba kutoka juu. Alifungua kifungo cha mfuko, akaiachia barua ianguke. Ilizungukazunguka hewani, na haikumwangukia Mwenyekiti. Ilimwangukia mjumbe mkubwa, bwana mwenye suti ya kijivu na kalamu tatu mfukoni, ambaye aliiokota, akaisoma, kisha akamtazama Mwenyekiti juu ya miwani.

"Hapa pameandikwa mkuyu."

"Hiyo barua—" alisema Mwenyekiti.

"Na mhuri. Mhuri huu ni wako?"

Aliye na kamera aliishusha. Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni na kanga kiunoni, akimwona mumewe akipiga hesabu usoni mwake, hesabu ndogo ambayo hata mtoto angeifuata. Akisema mhuri si wake, basi kuna mhuri wa bandia mtaani kwake. Akisema umeibwa, basi mwenyekiti asiyeweza kuutunza mhuri huvuliwa kiti, na kanuni hiyo aliwasomea wengine mwenyewe mara mbili. Akisema ni mkewe, mtaa mzima ungejua nani anaongoza ofisi. Na akisema ni wake, mvule umekufa.

Mama Pacha alimngoja ageuke. Hilo tu ndilo alilotaka, na alilitaka sana kuliko alivyotarajia: ageuke mara moja alitazame dirisha la mama yake, au alitazame bati lililo chini ya ufa. Angemsamehe mengi. Angemwandikia barua miaka mingine kumi na mmoja.

Mwenyekiti hakugeuka. Aliutazama mhuri wa buluu kwenye karatasi, duara lake, jina la mtaa likizunguka ukingoni, na uso wake ukalainika kwa upendo.

"Mhuri ni wangu," alisema.

"Kwa hiyo ni mkuyu?"

Mwenyekiti aliirekebisha kofia yake. "Ni mkuyu."

Uzioni mtu mmoja alipiga chafya, au alicheka.

"Sasa niendelee?" aliuliza Kamba kutoka juu.

"Endelea! Kwani nani amekusimamisha?"

Kamba aliendelea. Kipande cha mwisho, kile kinene kama pipa, alikikata karibu na shina bila kuugusa ule uvimbe wa shingo ya tawi ambao mti hutumia kujiponya. Kabla msumeno haujafika katikati kilitoa mlio mmoja mkali, kikaachia chenyewe, na ni kamba tu iliyokizuia. Watu wawili walivutwa mbele hatua tatu. Kilipotua uani kila mtu aliona: ndani kulikuwa na unga mweusi, na kile kilichokuwa kimekishika kwenye shina hakikuwa kikubwa kuliko kiganja.

"Kingeshuka leo," alisema Kamba. "Kwa mvua ya leo."

Mwenyekiti alikuwa ameshavua kofia na kuishika kifuani. "Waheshimiwa wajumbe," alisema kwa sauti ya kufika uzioni, "mnaona wenyewe. Niliiona hatari hii mapema. Nikasema hapana, hata kama mti ni wangu, hata kama nauenzi, mama yangu mzazi anatangulia." Mwenye kamera akampiga picha akiwa ameweka mguu mmoja juu ya gogo. Mjumbe mkubwa akamshika mkono. Mwenyekiti akawakaribisha sebuleni kwa soda, akafungua mlango kwa mbwembwe, na akamkuta mama mzazi anayetangulia amelala kwenye kochi, na ndoo.

"Karibuni," alisema Bibi. "Kaeni popote."

*

Walipoondoka, Mwenyekiti alimfuata mkewe jikoni. "Ufunguo uliujulia wapi?"

"Chini ya redio."

Alingoja aongeze neno. Mama Pacha aliendelea kukata vitunguu. Mume akatoka. Kutoka jikoni alimsikia akihangaika na kiti sebuleni, na alijua bila kuona kwamba ufunguo sasa unahamia juu ya kabati, ambalo yeye ndiye hulifuta vumbi.

Kibao nacho kilishuka. Mwenyekiti aliking'oa mwenyewe kwa nyundo, misumari yote minne, akakipeleka nyuma ya nyumba na kukipaka rangi upya. Hadi jua linazama kilikuwa kimeegemezwa ukutani kikikauka: MKUYU WA KALE. USIGUSWE.

Chumbani kwa Bibi jua lilikuwa limeingia hadi kwenye ukuta wa pili. Lilionyesha utando wa buibui, rangi iliyobanduka, na shimo la godoro, yote ambayo giza la kijani lilikuwa limeyasitiri. Mama Pacha alimrudisha kitandani, akamgeuza uso dirishani.

"Kumbe kuna nyumba kule," alisema Bibi. Aliitazama kwa muda mrefu. "Ya nani ile yenye mlango mwekundu?"

"Ya fundi viatu, mama. Ipo miaka yote."

Asubuhi ya Ijumaa kabla ya saa mbili mtu alipiga hodi. Mwenyekiti, ambaye alikuwa amelala vizuri kuliko wiki nzima, alivaa kofia, akajiweka sawa kwenye kochi na kuitikia kwa sauti ya ofisini. Aliingia fundi viatu akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nyuma yake mlangoni kulikuwa na mjane mmoja, naye ana karatasi, na nyuma ya mjane kulikuwa na wengine wawili.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Karibu, karibu ndani. Nipo. Leta hiyo barua."

Fundi viatu hakuketi. Aliishikilia karatasi yake kwa mikono miwili, akachungulia kwa adabu upande wa jikoni.

"Samahani, Mwenyekiti," alisema. "Mama Pacha yupo?"

Mwenyekiti aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho mlangoni. Hakuna aliyeshusha macho. Alivua kofia yake, akaiweka juu ya meza ya kioo, na kwa muda hakujua aipeleke wapi mikono.

"Mama Pacha," aliita hatimaye. "Unaulizwa huku."